Roboti ya Kwanza ya Mashindano kwa Timu za Shule: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanatoka kwa wanafunzi na walimu walezi wanaoanzisha klabu za roboti, wengi wakiwa na bajeti ndogo na chumba kimoja wanachokitumia baada ya vipindi. Roboti inayozungumziwa hapa ina magurudumu mawili yenye mota na hufuata mstari mweusi. Ukiibadilisha kidogo, inaingia ulingo wa sumo, yaani pambano la roboti mbili zinazosukumana kutoka nje ya duara. Msimamo wetu ni mmoja: roboti nyepesi iliyokamilika wiki tatu kabla ya mashindano na kuendeshwa kila siku huishinda roboti ya makeke iliyokamilika usiku wa kuamkia siku yenyewe.

## Kabla ya kununua chochote

Tuanze na roboti ya aina gani?

Ya kufuata mstari. Ina mota mbili, sensa (vifaa vidogo vya kuhisi mstari) mbili au tatu, bodi moja ya kompyuta ndogo na betri, basi. Uzuri wake kwa anayejifunza ni kwamba kosa halijifichi: roboti ikiacha mstari kwenye kona, kila aliyesimama pale ameona ni kona ipi, na mnaweza kuirudisha hapo hapo mkajaribu tena. Roboti yenye mkono wa kunyakua vitu huvutia macho, lakini timu mpya humaliza muhula mzima ikipigana na mkono huku magurudumu hayajazunguka hata mara moja.

Mkishaimudu hiyo, nendeni kwenye sumo. Angalia sehemu ya mashindano hapo chini.

Hatujawahi kugusa vifaa vya umeme. Tunaweza kujifunza bila kununua?

Mnaweza. Tovuti ya Tinkercad ni ya bure na ina sehemu ya saketi ambamo unaunganisha Arduino Uno (ile bodi ya kompyuta ndogo), taa, mota na sensa kwenye skrini, unaandika programu na kuona kinachotokea. Ukikosea waya, hakuna kinachoungua mfukoni mwako. Jifunzeni humo mambo matatu tu kabla ya kwenda dukani: kuwasha na kuzima taa, kusoma sensa, na kubadilisha kasi ya mota. Inahitaji intaneti na kompyuta moja inatosha kwa watu wawili au watatu wakipokezana.

Timu iwe na watu wangapi?

Watatu hadi watano kwa roboti moja. Wakizidi hapo, wengine wanageuka watazamaji. Klabu ikiwa na watu ishirini, ni bora kuwa na roboti nne rahisi kuliko moja ya kifahari, kwa sababu mtashindana wenyewe kwa wenyewe kila Ijumaa, na huko ndiko mnakojifunza zaidi.

Gawaneni kazi, kisha mzibadilishe kila baada ya wiki mbili. Tumeona mara nyingi wavulana wakikamata kompyuta na wasichana wakiachiwa bango na ripoti. Mlezi asiliache lijiamue lenyewe: apange zamu, aziandike ukutani, na azisimamie.

Mwalimu wetu hajui kuandika programu. Anafaa kuwa mlezi?

Anafaa kabisa. Kazi yake ni kutafuta muda na chumba, kulinda vifaa, na kuuliza maswali mazuri: "Mmejuaje kwamba ni mota? Mmepima?" Mlezi anayejua sana ana hatari yake, maana roboti ikigoma mkono wake huenda kwenye bisibisi kabla ya ule wa mwanafunzi.

## Vifaa na gharama

Orodha ya vifaa ni ipi?

Arduino Uno au Nano moja na waya wake wa USB. Mota mbili za gia za plastiki ya njano pamoja na tairi zake. Zinauzwa kwa jina la mota za TT. Bodi ya kuendeshea mota, L298N au TB6612FNG. Sensa za mstari za TCRT5000, tatu zikiwezekana. Betri na kasha lake, swichi, waya za jampa (za kuchomeka bila kulehemu), skrubu chache na mkanda wa umeme.

Ongezeni mita ya kupimia umeme, hata ile ya bei ya chini kabisa dukani. Timu zinazoiruka ili kuokoa pesa huishia kununua mota mpya kwa sababu ya waya uliokatika ndani ya plastiki.

Nairobi, maduka ya elektroniki yamejaa Luthuli Avenue na mitaa ya jirani. Dar es Salaam, anzieni Kariakoo. Ulizeni bei maduka matatu, na mjaribu mota hapo hapo kwa betri kabla ya kutoka.

Arduino za nakala, za bei nafuu, zinafaa?

Ndiyo. Arduino ni mradi wa wazi: michoro yake imetolewa hadharani na mtu yeyote anaruhusiwa kutengeneza bodi inayofanana nayo, mradi asitumie jina na nembo. Tofauti mtakayokutana nayo ni kwamba nyingi zinatumia chipu ya CH340 kuwasiliana na kompyuta, na kompyuta nyingine haitaiona mpaka usakinishe programu ya kiendeshi ya chipu hiyo. Ipakueni mapema na muiweke kwenye flashi, kwa sababu ukumbi wa mashindano unaweza kukosa intaneti.

Kuna vitu tunaweza kuokoteza?

Vingi. Printa mbovu ina vyuma vilivyonyooka, gia na skrubu nzuri. Magari ya kuchezea yana mota na tairi. Makopo ya aiskrimu na vipande vya plaiwudi vinatosha kwa chasi, yaani kiunzi cha roboti. Bango la zamani la matangazo, likigeuzwa upande mweupe, ni uwanja mzuri wa mazoezi, na linakunjika na kuwekwa kabatini.

Kitu kimoja msikiokote: betri za kompyuta mpakato zilizotupwa. Sababu iko kwenye swali la betri za lithiamu.

## Umeme

Tumeunganisha kila kitu sawasawa lakini roboti inatetemeka tu na bodi inajizima na kujiwasha. Shida nini?

Karibu kila mara ni ile betri ya mraba ya volti 9. Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote.

Betri ile ilitengenezwa kwa vifaa vinavyonywa umeme kidogo kidogo, kama king'ora cha moshi. Mota inapoanza kuzunguka, au inapokwama, inataka umeme mwingi kwa ghafla, na mota mbili kwa pamoja zinaweza kutaka zaidi ya ampea moja. Betri haina uwezo huo, kwa hiyo volti zinaporomoka. Itazame taa ndogo ya bodi wakati huo: inafifia, inazima, inawaka tena, na programu inaanza upya kutoka mstari wa kwanza. Mota inajaribu tena, volti zinaporomoka tena. Mwanafunzi anaona roboti inayotetemeka na anakwenda kukagua programu, ambayo haina kosa lolote.

Badilisheni betri kwanza. Kama tatizo linabaki, pimeni volti za betri mota zikiwa zinazunguka. Kipimo cha betri iliyopumzika hakielezi chochote.

Basi tutumie betri gani?

Hapa hesabu ndogo inasaidia. L298N ni bodi ya kizamani na inakula takriban volti 2 njiani. Ukiweka betri nne za AA, zile za rimoti, una volti 6, na mota inapata 4 hivi. Itatembea, lakini kwa uvivu. Ukitumia AA za kuchaji, ambazo zina volti 1.2 kila moja, una 4.8, na mota inabakiwa na chini ya 3. Hapo roboti inashindwa hata kupanda mkunjo wa bango.

Betri mbili za lithiamu za aina ya 18650 zikifuatana zinatoa volti 7.4, na 8.4 zikiwa zimejaa. Ukiondoa 2 za L298N, mota inapata karibu 6, na hicho ndicho kiwango chake cha juu cha kawaida. Ndiyo maana wengi huishia hapo.

TB6612FNG haili volti kiasi hicho, kwa hiyo inafanya kazi vizuri hata na AA nne. Ila ina kikomo cha ampea 1.2 kwa kila mota, wakati L298N inaruhusu hadi 2. Kwa mota za njano, tukipewa nafasi ya kuchagua tunachagua TB6612FNG.

Betri za lithiamu ni salama mikononi mwa wanafunzi?

Ni salama zikiheshimiwa. Zikipigwa shoti zinaweza kuwaka moto, na moto wake ni mkali. Masharti yetu kwa kila timu:

- Chaja iwe ya lithiamu, na inayochaji kila betri peke yake. Ile bodi ndogo ya TP4056 ni ya betri moja. Msiifunge kwenye jozi iliyounganishwa mfululizo.
- Msichaji usiku au chumba kikiwa kitupu.
- Betri isishuke chini ya volti 3. Ikishuka mara kwa mara inakufa, au inakuwa hatari wakati wa kuichaji.
- Plastiki ya nje ikichanika, au betri ikivimba au kuchubuka, haitumiki tena.

Betri zilizotolewa kwenye kompyuta mpakato za zamani hazina historia inayojulikana: hujui ziliwahi kuisha kabisa au kudondoka mara ngapi. Na mkiona 18650 imeandikwa mAh 9,900 (kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi), huo ni uongo mtupu. Betri ya ukubwa huo haifiki hata nusu ya hapo.

Mota zinazunguka zikipewa umeme moja kwa moja, lakini zikiunganishwa na Arduino hazitii amri.

Angalieni waya wa hasi. Hasi ya betri, hasi ya bodi ya mota na GND (pini ya hasi) ya Arduino lazima zikutane mahali pamoja. Bila hivyo, ishara inayotoka Arduino haina pa kulinganishwa na bodi ya mota haielewi. Pia, msiunganishe mota moja kwa moja kwenye pini ya Arduino: pini imekusudiwa kutoa miliampea 20, na mota inataka mara kadhaa ya hapo. Mtaiunguza bodi.

## Kuunda

Chasi iweje?

Fupi, nyepesi na chini. Vitu vizito, yaani betri, vikae juu ya ekseli ya mota ili tairi zishike sakafu. Sensa zikae mbele ya tairi, sentimita chache, zikiwa milimita 3 hadi 10 kutoka sakafuni. Zikiwa juu zaidi, zinaanza kuona kila kitu cha kijivu.

Gurudumu la tatu halihitaji kununuliwa. Golori iliyowekwa kwenye kifuniko cha chupa kilichotobolewa kidogo inateleza vizuri, na ile tufe ya chupa ya diodoranti ni bora zaidi.

Kulehemu ni lazima?

Mahali pawili tu: kwenye miguu ya mota na kwenye swichi. Vile vibati vya shaba vya mota za njano vinakatika kwa urahisi, kwa hiyo baada ya kulehemu fungeni waya kwenye mwili wa mota kwa kamba ya plastiki ili mvutano usifike kwenye kibati. Mkiwa na kapasita ndogo ya nanofaradi 100, ilehemuni kati ya miguu miwili ya kila mota. Inapunguza kelele za umeme zinazochanganya sensa.

Roboti haiendi moja kwa moja, inavuta upande mmoja.

Mota mbili za bei nafuu hazilingani kamwe. Kwanza inueni roboti na mzungushe tairi kwa mkono: kama moja inagusa chasi, mmeshapata jibu. Kama zote ziko huru, punguzeni kasi ya mota yenye nguvu ndani ya programu mpaka zilingane. Kwa roboti ya mstari hili si jambo la kukosesha usingizi, maana sensa zitarekebisha. Kwenye sumo linasumbua zaidi.

## Programu

Programu haipandi kwenye bodi. Tufanye nini?

Fuateni mpangilio huu: waya wa USB (nyingi ni za kuchajia simu tu, hazipitishi data), kisha jina la bodi na lango mliyochagua kwenye menyu ya Arduino IDE (programu ya kompyuta mnayoandikia), kisha kiendeshi cha CH340. Kama ni Nano ya nakala, jaribuni chaguo la "Old Bootloader". Mwisho, chomoeni chochote kilichounganishwa kwenye pini 0 na 1, hasa moduli ya Bluetooth, kwa sababu pini hizo ndizo zinazotumika kuwasiliana na kompyuta.

Sensa zilifanya kazi asubuhi, mchana zinasoma ovyo.

Jua. TCRT5000 inatuma mwanga usioonekana wa infraredi na kupima unaorudi, na jua lina mwanga huo huo kwa wingi. Meza iliyo karibu na dirisha saa tatu asubuhi si meza ile ile saa saba mchana.

Kwenye kila moduli kuna kisanduku kidogo cha buluu chenye skrubu. Wekeni sensa juu ya mstari, zungusheni skrubu taratibu mpaka taa ibadilike, kisha sogezeni kwenye nyeupe na mhakikishe inabadilika tena. Baada ya hapo zibeni pande za sensa kwa kipande cha karatasi nyeusi, kiwe kama sketi inayokaribia sakafu. Karatasi hiyo imeokoa timu nyingi kuliko programu yoyote.

Kama sensa zenu zina tundu la A0, zisomeni kwa namba badala ya ndiyo au hapana, na programu ipime nyeupe na nyeusi yenyewe kila roboti inapowashwa.

Roboti inafuata mstari lakini inayumbayumba kama mlevi.

Ni kwa sababu inajua kushoto na kulia tu, haijui "kidogo". Ipeni kipimo. Hesabuni umbali wa mstari kutoka katikati: 0 ukiwa katikati, chanya ukiwa kulia, hasi ukiwa kushoto. Hilo ndilo kosa. Sahihisho ni Kp mara kosa, jumlisha Kd mara tofauti ya kosa la sasa na lililopita. Kp na Kd ni namba mbili mnazozichagua wenyewe kwa majaribio. Mota ya kushoto inapata kasi jumlisha sahihisho. Ya kulia, kasi toa sahihisho.

Wekeni Kd sifuri kwanza. Ongezeni Kp mpaka roboti ianze kuyumba kwa haraka, kisha ongezeni Kd mpaka itulie. Badilisheni namba moja kwa wakati na muandike kila jaribio daftarini, pamoja na volti za betri. Betri ikishuka kasi inabadilika, na namba zilizokuwa nzuri jana zinaonekana mbovu leo.

Kumbukeni pia kwamba mota za njano mara nyingi hulia tu bila kuzunguka zikipewa analogWrite (amri ya kuweka kasi) ndogo sana. Tafuteni namba yenu ya chini kwa majaribio, na msishuke chini yake.

Tumeongeza mkono mdogo wa servo (mota inayogeuka hadi pembe unayoitaka) na sasa mota moja haibadilishi kasi.

Kwenye Uno, maktaba ya Servo inazima uwezo wa kubadilisha kasi kwenye pini 9 na 10. Hamishieni mota pini 3, 5, 6 au 11.

## Mashindano

Hakuna mashindano karibu nasi. Tuandae yetu?

Andaeni. Mkanda mweusi wa umeme una upana wa karibu milimita 19 na unatosha kwa mstari. Kwenye kona uvuteni kidogo kidogo ili ukunje bila kuinuka. Kila roboti ipewe nafasi tatu na muda bora zaidi ndio uhesabiwe. Sheria ziandikwe ukurasa mmoja na zitolewe angalau mwezi mmoja kabla.

Sumo inahitaji nini cha ziada?

Katika daraja la kimataifa la mini-sumo, roboti haizidi gramu 500 na sentimita 10 kwa 10; kimo hakina kikomo. Ulingo ni mduara mweusi wenye kipenyo cha sentimita 77, pembeni una ukanda mweupe wa sentimita 2.5. Baada ya kuwasha, roboti husubiri sekunde 5.

Mota za njano na tairi zake zinabana sana ndani ya sentimita 10, ndiyo maana wengi hutumia mota ndogo za N20. Mkiandaa yenu, ruhusuni sentimita 15 na kila timu itumie vifaa ilivyo navyo.

Kinachoangusha timu mpya ni muda. Tairi ya milimita 65 ikizunguka mara 200 kwa dakika inakwenda karibu sentimita 68 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, ukanda mweupe unavukwa kwa chini ya milisekunde 40. Sensa ya HC-SR04, inayopima umbali kwa mwangwi wa sauti, isipoona mpinzani inaweza kukawia muda kama huo huo kabla ya kurudisha jibu, na wakati huo programu imesimama, haiangalii ukingo. Wekeeni pulseIn (amri inayosubiri mwangwi huo) kikomo cha maikrosekunde 6000, kinachotosha kama mita moja, na muondoe kila delay (amri ya kusimama na kusubiri) ndani ya mzunguko mkuu wa programu. Sensa za ukingo zisomwe kwanza kila mara, kabla ya kumtafuta mpinzani.

Kisha futeni tairi kwa spiriti kabla ya kila pambano. Roboti yenye tairi za vumbi ndiyo inayosukumwa nje ya ulingo.

Tubebe nini siku ya mashindano?

Betri mbili zilizochajiwa, mota moja ya akiba iliyokwisha lehemiwa, Arduino ya pili ikiwezekana, bisibisi, mkanda, mita, na nakala ya programu iliyokuwa ikifanya kazi jana. Asubuhi ya mashindano msiandike programu mpya. Rekebisheni sensa kwa mwanga wa ukumbi, basi.

Baada ya hapa kuna mashindano gani makubwa?

FIRST LEGO League na World Robot Olympiad, iliyoanza mwaka 2004, yana madaraja ya umri tofauti. FIRST Global, iliyoanza Washington mwaka 2017, hualika timu moja ya vijana kutoka kila nchi, na Kenya na Tanzania zimewahi kushiriki. Kila moja ina sheria zake kuhusu vifaa vinavyoruhusiwa na hubadilika kila msimu, kwa hiyo someni za mwaka husika kabla ya kununua chochote.

Tukisafiri kwa ndege, betri tunazifanyaje?

Betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi kwenye mizigo inayokwenda chini ya ndege, zibebeni mkononi. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100 kwa betri, na 18650 moja ina kama 9 hadi 13, kwa hiyo mko mbali sana na kikomo. Kila betri iwe na kasha lake la plastiki au mkanda juu ya ncha zake ili zisigusane. Ndani ya roboti, ondoeni betri kabisa badala ya kutegemea swichi, na mchapishe picha ya roboti ikiwa imekamilika muiweke pamoja na vifaa: afisa wa ukaguzi anayeona waya na betri kwenye eksirei atauliza, na picha inafupisha maelezo.